Kusoma biashara kwenu au nje: nani anatoka na nini kichwani

Watu wakiwalinganisha wanafunzi wa biashara wazawa na wale wa kimataifa huwa wanakimbilia GPA, yani wastani wa alama zote za chuo. Wageni wana GPA kubwa, au wageni wana GPA ndogo, bas, mjadala umeisha. Mimi naona hicho ndo kipimo kibovu kuliko vyote kwa mtu anayetaka kuamua asome kwao au aende nje, kwa sababu GPA inakwambia mtu kaandikiwa nini kwenye transkripti, haikwambii alianzia wapi wala saivi anaweza kufanya nini. Kwa hiyo hapa nawaweka hawa wawili bega kwa bega, darasa moja, lekchara mmoja, asainmenti zilezile, alafu tuangalie kila mmoja anatoka na nini. Mzawa ni yule aliyesoma sekondari hapohapo nchini, mgeni ni yule aliyevuka mpaka na viza ya masomo. Aliyehamia toka mtoto simhesabu upande wa wageni, huyo kwa mambo ya darasani ni mzawa tu hata kama pasipoti yake inasema vingine.

Alama kwanza, tuzimalize

Ujerumani alama ya 1.0 ndo bora kabisa na 4.0 ndo ya kupita kwa kuchechemea. Marekani GPA ya 4.0 ndo kileleni. Uingereza ukipata 70 umeingia daraja la kwanza na watu wanakupongeza, beba hiyohiyo 70 uende nayo Marekani uko kwenye C. Ufaransa wanasahihisha kwa 20 na ukipata 10 umepita. Sasa mtu katoka mfumo mmoja kaingia mwingine, muhula wa kwanza anaona 64 analia anadhani kafeli kumbe kawazidi wengi, au anaona 85 anabweteka kumbe darasa zima lina 85. Hapo bado hujagusa ufaulu wenyewe, ni kusoma namba tu.

Alafu kuna mchujo, na hili ndo watu wanalisahau kabisa. Mgeni mpaka akae kwenye kile kiti kapita sehemu nyingi: mtihani wa lugha (IELTS inaishia 9 na kozi nyingi za biashara za uzamili zinataka 6.5 au 7), pengine GMAT (mtihani wa kuingilia shule za biashara), skolashipu au mzazi mwenye uwezo, alafu viza. Ukichukua kundi lililochujwa hivyo ukalilinganisha na wazawa ambao wengine wameingia tu kwa sababu chuo kiko karibu na nyumbani, lazima wageni waonekane wakali. Ila geuza shilingi: viko vyuo ambavyo mgeni analipa ada kubwa kuliko mzawa na chuo kinaitegemea ile hela, kwa hiyo mlango wa wageni unalegezwa, na hapo wastani wa wageni unaporomoka. Ndo maana utakuta utafiti huu unasema wageni wako juu na ule unasema wako chini, na zote mbili zikawa kweli, zimepima milango tu siyo masomo.

Kipimo cha haki ni kuangalia mtu kaongezeka kiasi gani toka aingie, na ikiwezekana kwa mtihani ambao kila mtu anafanya uleule. Marekani wana Major Field Test ya biashara, maswali 120 ya kuchagua, alama zinaanzia 120 mpaka 200, vyuo vinawapa wanaomaliza ili kuona wameshika nini kwenye uhasibu, uchumi, masoko, fedha, menejimenti na kuendelea. Ni afadhali kuliko GPA. Ila na huo una kasoro yake, mna sehemu ya mazingira ya kisheria ya biashara ambayo mzawa kayazoea, ni wa Kiingereza na saa inakimbia, kwa hiyo mgeni anapimwa biashara na kasi ya kusoma kwa wakati mmoja, na alama inayotoka haikwambii ni ipi iliyomwangusha.

Masomo ya namba: droo

Hapa sina maneno mengi. Takwimu, hesabu za fedha, uendeshaji, kutengeneza modeli kwenye Excel, mgeni hachelewi. 1,100 utakayopata mwakani kwa riba ya asilimia 10 ni 1,000 ya leo, nchi yoyote ile, lugha yoyote ile, fomula inambeba mtu hata kama lekchara anaongea kwa pua. Muhula wa kwanza wengi wanayumba kidogo, zaidi kwa sababu ya kuhama na usingizi na kuzoea mfumo kuliko somo lenyewe, alafu wanasimama. Tatizo linabaki kwenye maswali ya hadithi, yale ya nusu ukurasa ambayo neno moja la "isipokuwa" limefichwa mstari wa nne, hapo mzawa anapita na mgeni anakwama kwenye Kiswahili chake, Kichina chake, chochote anachofikiria nacho. Kama unachokwenda kusoma ni fedha za namba namba au uchambuzi wa data, kwa upande wa kujifunza hakuna tofauti ya kukuumiza kichwa, amua kwa vigezo vingine.

Masomo yaliyobeba nchi ndani yake

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo naona watu wengi wanaingia kichwakichwa.

Chukua stoku. Kampuni imenunua bidhaa 100 kwa 10 kila moja, baadae ikanunua zingine 100 kwa 12, ikauza 100 kwa 20. Mauzo ni 2,000. Ukihesabu kwamba zilizoingia kwanza ndo zimetoka kwanza, gharama ni 1,000 na faida ni 1,000. Ukihesabu kwamba zilizoingia mwisho ndo zimetoka kwanza, gharama ni 1,200 na faida ni 800. Mzigo uleule, mteja yuleyule, faida mbili. Sasa Marekani kwenye kanuni zao za uhasibu hiyo njia ya pili inaruhusiwa na kampuni zinaitumia, bei zikipanda faida inaonekana ndogo na kodi inapungua. Nchi zinazofuata IFRS, yani viwango vya kimataifa vya uhasibu, na hizo ni zaidi ya 140, ni marufuku, iko kwenye IAS 2, kiwango cha mambo ya stoku. Mtu kasoma uhasibu Marekani miaka minne, katoka na A, anarudi kwao kwenye IFRS, siku ya kwanza ofisini anakuta kitu alichokikeshea hakitumiki. Siyo kwamba hakujifunza, kajifunza cha kwingine.

Na stoku ni mfano mdogo. Kodi, sheria za makampuni, sheria za kazi, ufilisi, mambo ya kufungua na kufunga biashara, hayo yote yana mipaka. Mzawa hapa anamuacha mgeni mbali hata kabla ya lekchara kufungua mdomo, kwa sababu kakua anasikia wazazi wanalalamika kuhusu kodi fulani, anajua fomu fulani inapelekwa ofisi gani, mgeni anaanza sifuri na kila jina la taasisi ni jipya. Anaweza kukariri akafaulu, wanafanya hivyo sana, lakini muulize baada ya mwaka. Hata ACCA, ambayo ni mitihani ya kimataifa ya wahasibu, mtihani wa kodi na wa sheria ina matoleo ya nchi tofauti. Wenyewe wanajua kwamba haya hayasafiri.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujalipa ada ya maombi siyo "chuo gani kizuri", ni "kwenye hii kozi masomo mangapi ni ya nchi ile?" Fungua orodha ya masomo uhesabu. Kozi ya uhasibu au ya kodi inaweza kuwa karibu nusu. Kozi ya masoko au mnyororo wa ugavi ni kidogo sana.

Mdomo

Sasa tuje kwenye keisi. Shule nyingi za biashara zinafundisha kwa keisi, mnapewa kisa cha kampuni mnakisoma usiku, asubuhi mnajadili darasani, na kuchangia kuna alama. Harvard, ambako hiyo njia ndo imeota mizizi, kuongea darasani kunaweza kubeba mpaka nusu ya alama za somo. Nusu!

Angalia kinachotokea. Lekchara anatupa swali, je hii kampuni ipandishe bei au isipandishe? Mzawa ananyanyua mkono kabla hajajua atasema nini, ataunda hoja akiwa anaongea. Mgeni anayo hoja, pengine nzuri kuliko ya yule, ila anaipanga kwanza kichwani, anatafuta neno, anaangalia kama sarufi imekaa, akinyanyua mkono mjadala umeshahamia kwa wasambazaji. Anashusha. Mara tatu hivyo anaacha kunyanyua. Mwisho wa muhula kaandikiwa "hashiriki", na kwenye karatasi inaonekana mzawa kajifunza zaidi wakati kilichopimwa ni nani ana kasi ya mdomo.

Na hii kasi haiji kwa mwezi. Mtafiti wa lugha Jim Cummins mwaka 1979 alitenganisha lugha ya kupigia stori na lugha ya kitaaluma, na kwenye kazi zake kuhusu watoto wahamiaji ile ya stori ilichukua kama miaka 2, ya kitaaluma miaka 5 mpaka 7. Wale walikuwa watoto na wewe ni mtu mzima mwenye digrii, sawa, lakini linganisha na urefu wa kozi: uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka 1, MBA (uzamili wa biashara) ya shule ya INSEAD ni miezi 10. Yani unaanza kukaa sawa ndo unaambiwa vaa joho. Kwa mtu ambaye lugha ya kufundishia siyo lugha aliyosomea sekondari, kozi ndefu kidogo ina faida ambayo haiandikwi kwenye broshua, na ile ya mwaka mmoja inayoonekana rahisi kwa sababu ni fupi ndo inamgharimu kwenye kujifunza.

Kazi za vikundi ndo usiseme. Kikundi cha watu watano, wazawa watatu na wageni wawili, kazi inagawanywa dakika kumi tu: nani anaandika vizuri, aandike, nani anaongea vizuri, aprezenti, nani yuko vizuri na Excel, achukue namba. Inaonekana busara. Matokeo yake mzawa ambaye alikuwa tayari anaongea vizuri kapata mazoezi zaidi ya kuongea, mgeni ambaye alikuwa tayari yuko vizuri na namba kapata mazoezi zaidi ya namba, wote wamepata 72, na hakuna aliyejifunza kile ambacho hakuwa nacho. Rudia hivyo mihula minne. Wakitoka mzawa haelewi modeli aliyoiprezenti mwenyewe na mgeni hajawahi kusimama mbele ya watu. Alama ni moja, ujuzi ni tofauti kabisa, na hiki ndo kitu ambacho hakuna transkripti itakuonyesha. Ukienda nje, omba kuprezenti toka wiki ya kwanza hata kama mtapoteza alama mbili, na ukiwa mzawa mnyang'anye mtu Excel.

Uandishi una kamtego kake pia. Mifumo ya nukuu na ya kuzuia kunakili inatofautiana, mtu aliyezoea kumnukuu mwalimu neno kwa neno kama heshima anajikuta kwenye kikao cha nidhamu. Na siku hizi kuna programu za kugundua maandishi ya AI, watafiti wa Stanford mwaka 2023 walizipa insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni) zilizoandikwa na watu na kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa zimeandikwa na mashine, wakati insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. Sentensi fupi na msamiati wa kawaida unatosha kukutia mashakani. Mgeni atunze rasimu zake zote, mzawa wala halazimiki kuliwaza hilo.

Sasa mgeni anapata nini ambacho mzawa hapati?

Anapata jicho. Ukiwa mzawa kuna mambo ya biashara unayaona kama maumbile, kwamba benki inakopesha kwa namna hii, mteja analipa baadae, mkataba ni lazima uwe kurasa 40, bosi anapingwa kwenye kikao au hapingwi. Mgeni anajua angalau namna mbili za kila kitu na anajua kwamba zote zinafanya kazi, kwa hiyo akikutana na ya tatu hashtuki. Kwenye mazungumzo ya biashara, kwenye masoko, kwenye kuendesha timu iliyotawanyika nchi nne, hii ni mali kweli. Anajifunza pia kufanya kazi akiwa haelewi kila kitu, kitu ambacho hakuna somo lina jina hilo.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwenye darasa la biashara ni kweli kwa sharti moja, wawe wanachanganyika. Mzawa aliyekaa na wageni kwenye kikundi kwa dhati anapata sehemu kubwa ya hilo jicho bila kulipa nauli. Aliyekaa nao chumba kimoja bila kuongea nao hapati kitu. Na kwa mgeni ni hivyohivyo, kuna kozi za uzamili ambazo wageni ni karibu darasa zima na wengi wao wanatoka nchi moja, unakuta mtu kasafiri mbali kasoma na watu wa kwao, kaishi na watu wa kwao, kaprezenti kwa watu wa kwao. Huyo kwa matokeo mhesabu kama mzawa aliyelipa sana.

Kazi baada ya hapo

Intanshipu ni sehemu ya kujifunza, tena kwa biashara naona ni kubwa kuliko semina zote, na hapa uwanja hauko sawa. Mzawa anafanya kazi saa anazotaka. Mgeni Uingereza mwenye viza ya digrii ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, Canada 24, Australia 48 kwa wiki mbili, Marekani mwaka wa kwanza kwa ujumla ni kazi za ndani ya kampasi tu. Baada ya kumaliza, Marekani wanatoa miezi 12 ya kufanya kazi, na kama kozi yako imesajiliwa kama STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) unaongezewa 24. Hapo kuna kitu cha kuchungulia: baadhi ya kozi za biashara, hasa za uchambuzi wa data na sayansi ya menejimenti, zimesajiliwa STEM, na za jirani yake kwenye jengo hilohilo hazijasajiliwa. Miezi 12 dhidi ya 36, kisa namba ya usajili wa kozi. Uingereza ni miaka 2, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 inakuwa miezi 18. Hizi sheria zinabadilika, soma za mwaka wako.

Netiweki mzawa anashinda kama atafanya kazi hapohapo. Watu aliosoma nao ndo watakuwa mabosi, wakaguzi, wateja. Mgeni akirudi kwao netiweki yake imetapakaa duniani, nzuri kwa kampuni za kimataifa, haimsaidii sana kupata mteja wa kwanza mtaani.

Mimi ningechagua hivi

Anayetaka uhasibu, kodi, ukaguzi, benki za ndani au kufungua biashara yake nchini kwao, digrii ya kwanza asome kwao, sina hata haja ya kufikiria. Atapata masomo yenye nchi ndani yake, intanshipu bila saa za kuhesabiwa, na watu. Kama ana hamu ya nje aende uzamili baadae, akiwa ameshafanya kazi kidogo, maana keisi inamwingia zaidi mtu ambaye ameshaona kampuni kwa ndani.

Anayetaka fedha za namba, data, ugavi, ushauri wa kibiashara au kampuni za kimataifa, nje ni sawa hata digrii ya kwanza, ila achague kozi isiyo fupi sana kama lugha bado inamsumbua, na aangalie mchanganyiko wa darasa kabla ya jina la chuo.

Na kuna njia ya katikati ambayo nashangaa watu wanairuka: unasoma kwenu alafu muhula mmoja au miwili unaenda kubadilishana. Ulaya wana Erasmus toka 1987, inaruhusu miezi 2 mpaka 12, na vyuo vingi nje ya Ulaya vina makubaliano yao wenyewe. Unabaki na kodi na sheria za kwenu, unaonja ugeni, unarudi na jicho. Hutapata lote, muhula mmoja unaisha ukiwa bado unatafuta madarasa, lakini kwa gharama yake mimi naona ndo dili bora kuliko zote kwa digrii ya kwanza. Hakikisha tu kwamba masomo utakayosoma kule yatahesabiwa huku, kwa maandishi, kabla hujaondoka.

Chuo chochote utakachoandikia, cha ndani au cha nje, kiulize vitu viwili. Kwanza, mnapimaje kwamba wanafunzi wamejifunza, mbali na GPA? Chuo chenye ithibati ya AACSB, shirika la kimataifa linalokagua shule za biashara, lazima kiwe na jibu, kuweka malengo ya ujifunzaji na kuyapima ni sharti lao. Pili, hayo matokeo mmeyatenganisha wazawa na wageni, na waliofanya kazi baada ya kumaliza ni wangapi kila upande? Wakikujibu kwa namba, endelea nao. Wakikutumia picha ya wanafunzi wanacheka kwenye majani na bendera nyuma yao, uliza tena mara moja, alafu hamia chuo kingine.